Pijo ya Kusukuma

Filemon Mtui aliendesha malori ya kahawa tangu ujana mpaka akastaafu, akarudi Marangu kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, na vitu viwili: mgongo unaouma, na Pijo 404 ya rangi ya maziwa aliyoinunua kwa jasho lake. Watu wa kule wanamjua kwa masikio yake. Pita barabarani na gari bovu wakati yeye yuko chini ya migomba anakatia ng'ombe majani, atakuambia bila kuinua kichwa kwamba beringi ya gurudumu la kushoto inakufa. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo anakaaje miaka na gari lisilowaka mpaka lisukumwe?

Msimcheke kwanza. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliishi ng'ambo ya masale.

Masale ni ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani huku mlimani. Jani lake ukimpelekea mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Basi baba yao alipofariki, Filemon, ambaye ndiye mkubwa, alipanda upya masale yaliyokauka kwa jua kati ya kihamba chake na cha Hosea, mdogo wake. Hosea ndiye kitinda mimba. Zamani alikuwa utingo wa Filemon kwenye malori, kisha akarudi nyumbani kumtunza baba. Siku hiyo Hosea akatoka, akatazama, akasema, "Umenimegea migomba mitatu." Filemon akajibu kwamba amefuata mashina ya zamani. Hosea akasema, "Unaniibia, na kaburi la baba halijakauka?" Wee! Neno likishatoka halirudi. Ndugu wa tumbo moja wakanuniana, mbege, ile pombe ya ndizi, ya huyu yule haonji. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawa walilimiwa mpaka jembe likaisha makali, na mwenye kapu hakuonekana.

Ndipo Jumapili moja Pijo ikagoma. Filemon alizungusha ufunguo, ikasema "ka!" ikanyamaza. Fundi wa nini? Taa ziling'aa vilevile, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Hiyo "ka!" ilisikika, kwa hiyo umeme ulikuwa ukifika mpaka kwenye stata, ile mota inayoamsha injini. Akafungua boneti, akamwambia mkewe Mektrida azungushe ufunguo, yeye akagonga ubavu wa stata kwa mpini wa nyundo. Ikazunguka kidogo, ikalala tena. Kaboni, akajisemea. Vile vijiwe vyeusi vinavyopitisha umeme ndani ya stata vimelika, na kuvibadilisha ni kazi ya asubuhi moja tu.

Lakini Misa haingoji. Nje ya geti kuna mteremko, na gari likishaushika, gia ya pili inaliwasha. Shida ni kulifikisha getini, maana ua ni tambarare na Pijo ni nzito. Filemon alisukuma huku ameshika usukani dirishani, Mektrida nyuma anahema. Mara gari likawa jepesi. Filemon akageuka: Hosea, na shati lake la Misa, mikono kwenye buti, kichwa amekiinamisha. Gari lilipowaka akajipangusa mikono, akarudi kwake kupitia pengo la masale. Salamu unaweza kumnyima mtu, lakini gari lake limezima ukamtazama tu? Hapana, huko tusifike.

Filemon aliendesha mpaka kanisani machozi yakimlengalenga. Kaboni hakununua.

Ikawa desturi. Kila Jumapili "ka!", kisha hatua za Hosea kwenye majani makavu ya migomba. Hendeli ya kuwashia kwa mkono Filemon aliificha darini, chini ya magunia. Akiulizwa, anasema vipuri vya magari ya zamani havipatikani siku hizi. Uongo mtupu, Moshi mjini vimejaa! Lakini angefanyaje? Hapo ndipo alipomwona mdogo wake karibu. Aliona mvi zikianza. Mwaka Hosea alipougua, Filemon alijua kwa uzito wa gari kabla hajaambiwa na mtu, akakosa usingizi, na bado hakuvuka kwenda kumwona.

Aliyechoka ni Mektrida. "Baba Evelyn, mimi nina magoti, sina injini," alisema. "Wenzangu wanaingia kanisani wananukia marashi, mimi nanuka moshi wa Pijo!" Jumamosi moja akampigia simu Nurdin, fundi umeme wa magari wa mjini, na mumewe hakumwambia.

Nurdin akatokea na mita yake na kisanduku cha spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni betri hiyo, imekufa," Filemon akawahi. "Rudi tu mjini, utakuja siku nyingine."

Nurdin akapima. "Betri nzima, mzee."

"Basi ni waya wa ethi. Kutu."

Nurdin akaukwangua, akaukaza. "Ka!" Akamwomba Mektrida awashe taa kubwa, kisha apige stata. Taa hazikufifia hata kidogo. "Stata haili umeme," akasema, mkono ukitafuta nyundo.

"Usigonge!" Filemon akapaza sauti. "Utaipasua!"

Nurdin akamtazama, akacheka. "Mzee, wewe si umeendesha malori? Mficha maradhi kifo humuumbua." Akagonga. Stata ikazunguka.

Mchana ulikuwa haujafika, kaboni mpya kutoka kisandukuni ziko ndani. Pijo ikawaka kwa mguso mmoja, ikaunguruma mpaka kuku wakatawanyika. Mektrida akapiga kigelegele. Ng'ambo ya masale kulikuwa na mtu akipasua kuni, naye akaacha. Filemon alitega sikio asikie shoka likirudi, halikurudi.

"Mbona hufurahi?" Mektrida akauliza fundi alipoondoka.

"Umenifukuzia mdogo wangu," akasema.

Mektrida alimtazama, akatazama pengo la masale, akashika mdomo. "Mama yangu! Kumbe magoti yangu yote haya ni kwa ajili ya Hosea? Na wewe umeshindwa kuvuka hatua chache hizo?"

"Mimi ndiye mkubwa. Mkubwa anampelekeaje mdogo sale?"

"Kwa mkono," akasema Mektrida, akaingia zake jikoni.

Jumapili Filemon akaketi kwenye usukani, Mektrida pembeni yake, ufunguo mkononi. Akiuzungusha tu, yameisha: Pijo itawaka, itaondoka, na Jumapili zote zitakuwa hivyo mpaka mmoja wao azikwe. Akatazama kwenye kioo. Pengo la masale lilikuwa tupu.

Akashuka. Alikata jani kwenye shina alilolipanda mwenyewe, akavuka.

Hosea alikuwa ameketi kizingitini na shati lake la Misa. Mikono ya shati ilikuwa imeshakunjwa.

"Nilisikia imepona," Hosea akasema. Ndilo neno la kwanza tangu ugomvi ule.

"Imepona."

"Hongera. Basi hunihitaji tena."

Filemon akanyoosha jani kwa mikono miwili. "Mashina ya zamani niliyaona, Hosea. Nikapanda mbele yake, upande wako, makusudi. Migomba ni yako. Nisamehe. Na lingine: ile stata ilikuwa kaboni tu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Hosea alilipokea jani, akaligeuza polepole. Midomo ilimcheza.

"Kaka," akasema, "nilikuwa utingo wako miaka yote ile. Unadhani mimi siujui mlio wa kaboni zilizoisha?"

Wakavuka pamoja. Hosea, kwa mazoea, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akaweka mikono kwenye buti. Kisha akakumbuka. Akazunguka mpaka mlango wa mbele, na Mektrida alikuwa ameshahamia kiti cha nyuma. Akaketi, akafunga mlango, akaliweka lile jani juu ya dashibodi.

"Haya, washa," akasema. "Niisikie."