Tailizi za wifi na kopo la oili chafu

Leo nimepiga magoti kwenye tailizi nilizozichagua mimi. Nyumbani kwa wifi yangu!

Nilimwonyesha picha tu, jamani. Ni za kauri, lakini ukiziona utaapa ni mbao. Mwezi huohuo akaziweka kwenye vyumba vyake vya chini, vile vilivyochimbwa kwenye mteremko, apangishe.

Leo kaniita nikaone. Roho inaniuma, lakini viatu nimevua kabla hata mlango haujafunguliwa.

Tukafungua. Sakafu nyeusi tii!

Katikati yuko mama mkwe, aliyefika jana kutoka kijijini Ukata. Kashika brashi na kopo la oili chafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbao mnazilaza ardhini bila kuzipaka oili? Mchwa watazimaliza!"

Wifi akaangua kilio. Nikamshika bega, moyoni napiga vigelegele. (Msinihukumu.)

Kumbe kauri hainywi oili. Sabuni ya unga na tambara, ikatoka yote.

Na aliyepewa tambara ni nani? Mimi.

Zimeng'aa kuliko mwanzo.

Mama mkwe akaniangalia pale chini: "Na wewe mwanangu, kwako utaweka lini?"

Semeni nyie nimjibu nini. Mikono bado inanuka oili.