Mshale Usiosikia Maneno

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, siku ya Alhamisi, maikrofoni ile ilipokubali kupokea sauti kwa mara ya kwanza. Najua saa kwa sababu kifaa kinapofufuka huwa naandika wakati wake kwa chaki pembeni mwa meza ya kazi. Kikizima tena, najua kimedumu kwa muda gani.

Maikrofoni hiyo ilikuwa sehemu ya mchezo wa video wa kupiga muziki. Niliununua kutoka kwa ofisa wa shamba la chai aliyekuwa akihama, ukiwa umeharibika. Kwenye boksi mlikuwa na gitaa la plastiki lisilo na nyuzi, lenye vitufe vitano vya rangi shingoni, ngoma nne za mpira zilizofungwa kwenye vyuma, na mashine ya kuunganisha vyote na televisheni. Wimbo ukianza, alama za rangi huteremka kwenye kioo, na mpigaji anatakiwa kubonyeza rangi inapofika chini, si mapema, si baadaye. Mwimbaji huonyeshwa maneno na mstari unaopanda na kushuka, na mshale mdogo humwonyesha sauti yake iko wapi. Akikosea sana, watu waliochorwa ndani ya mchezo humzomea na wimbo hukatika.

Mwenye chumba cha michezo kule Silibwet alikuwa ameahidi kuja kuuchukua Jumamosi saa nne asubuhi, mradi kila kitu kiwe kinafanya kazi mbele ya macho yake.

Kibanda changu cha ufundi wa umeme kiko Chepilat. Mimi ni Mkisii, mke wangu ni Mkipsigis, na nyumbani tunazungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna kati yetu aliyezaliwa nayo. Mimi herufi L hunigeuka ikawa R. Yeye B humtoka kama P. Nikimwambia nimekura nimeshiba, huniuliza nimempigia nani kura. Yeye akiniita "papa watoto", nilikuwa namjibu kwamba bado sijafika Roma.

Mzaha wangu niliuacha miaka minne iliyopita. Kwaya ya kanisa lake ilikuwa imekwenda kurekodi video, naye ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo. Fundi wa studio alimkatiza mara ya kwanza, akamkatiza tena, na mwishowe akasema kwenye spika, kila mtu akisikia, "Mama, huku tunasema Bwana. Hiyo P yako peleka Pwani." Wanakwaya walicheka. Yeye pia alicheka. Nafasi yake akapewa msichana aliyekuwa ametoka tu shule ya upili. Jumapili iliyofuata mke wangu alilirudisha joho la kwaya likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, na tangu hapo sikumsikia akiimba tena. Hakuimba kanisani, wala akiosha vyombo, wala akimbembeleza mjukuu.

Wiki hiyo ya maikrofoni alikuwa amefiwa na mwalimu wake. Si mwalimu wa shule. Ni mama mmoja mzee aliyechuma naye majani ya chai alipokuwa msichana, kila mmoja na mstari wake shambani. Mama huyo alikuwa akianzisha wimbo upande huu wa michai, naye mke wangu akijifunza kuitikia kutoka upande wa pili, hadi baadaye wakawa wanabadilishana. Mazishi yalikuwa Jumamosi, Kapsoit. Watoto wa marehemu walipiga simu Jumanne kusema kwamba mama yao aliacha neno: wimbo wa kaburini uanzishwe na mke wangu, usitoke kwenye spika.

"Nitaona," aliwajibu.

Nimeishi naye kiasi cha kujua kwamba "nitaona" yake ni hapana iliyovaa nguo nzuri.

Basi Alhamisi hiyo jioni, aliyejaribu maikrofoni wa kwanza alikuwa jirani yangu, fundi wa viatu, mtu wa upande wa ziwa, ambaye Z, SH na CH zote humtoka kama S. Aliimba wimbo mmoja wa Kiingereza uliokuwa ndani ya mchezo, akikodoa macho kusoma maneno. Mshale ulilala chini, na watu wa kwenye kioo wakamzomea.

"Hii masini inataka Kisungu ya mapua," akasema. "Jaribu wewe, fundi."

Nilijaribu. Nikazomewa haraka kuliko yeye.

"Umeona? Imesikia hiyo R yako. Imejua umetoka kwenye ndisi za Kisii."

Mke wangu alikuwa ameingia na chupa ya chai. Alisimama akatazama kioo, mshale na maneno yaliyokuwa yakipita.

"Mmejitafutia mwalimu mwingine wa kupima ulimi?" akauliza.

"Mama, hebu simba kidogo," fundi wa viatu akamwambia, kisha akajirekebisha, "imba, nasema imba!"

Tulicheka wote isipokuwa yeye. "Nimezomewa na watu, inatosha," akasema. "Sitaki tena kuzomewa na TV." Akatumiminia chai, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi niliacha kazi nyingine zote. Sikusoma ufundi darasani. Nilijifunza kwa kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo, hadi kosa lenyewe lijitokeze. Kwanza niliyasoma maneno ya wimbo yote sawasawa bila kuyaimba. Mshale haukusogea. Kisha nikaufuata ule mstari kwa sauti, nikipanda unapopanda na kushuka unaposhuka, lakini badala ya maneno nikataja vipuri vilivyokuwa mezani: kapasita, waya, fyuzi, swichi. Mshale ukanifuata. Mwisho nikafunga mdomo kabisa na kuvumisha wimbo kwa pua. Mshale ukakaa juu ya mstari kama ndege juu ya waya.

Mashine haikuwa na habari na maneno. Ilipima sauti iko juu au iko chini, basi. Sisi tuliokua tukirekebishwa matamshi tulidhani kila kinachotusikiliza kinasikiliza hilo.

Mke wangu alipoleta chai ya mchana nilimwonyesha. Nilirudia jaribio la vipuri, kisha la mdomo kufungwa. Aliishika maikrofoni kama mtu anayepima uzito wa kitu sokoni.

"Pigeni," akasema.

Nilivaa gitaa. Fundi wa viatu alikaa kwenye ngoma huku akitupia jua macho, kwa kuwa yeye ni Msabato na Sabato yake ilikuwa inaingia jioni hiyo. Mara ya kwanza mke wangu alivumisha tu. Mshale ulitulia. Mara ya pili aliingiza maneno, na hayakuwa yale ya kwenye kioo. Yalikuwa ya Kiswahili, ya ibada, akiyapanga papo hapo yaenee kwenye ule muziki wa kigeni. Nilikuwa nimesahau sauti yake ilivyo nzito chini na safi juu. Nikakosa vitufe.

"Majani! Majani, fundi!" jirani alinifokea, maana kitufe cha kijani tulikiita hivyo. "Unasuma nini huko? Rudi kwa laini!"

Kisha neno likafika. Nililisikia likija na nikainamisha kichwa. Akaimba "Pwana", wazi kabisa, akalivuta. Mshale haukutikisika.

Wimbo ulipoisha, kioo kilimpa asilimia tisini na nane. Jirani aligonga vijiti hewani. Mimi nilikuwa nimejawa na fahari ya mtu ambaye jaribio lake limefaulu.

"Na maneno, imeyasikia?" mke wangu akauliza.

"Hapana. Inasikia sauti tu."

"Basi haijanisikia."

Aliiweka maikrofoni mezani, juu ya saa yangu ya chaki. Nilikuwa nimemtafutia sikio lisilo na dharau, na nikampa sikio lisilosikia. Alifunika chupa ya chai, akaikaza kifuniko.

"Yule mama alikuwa anasikia kila neno," akasema. "Kila neno, na alikuwa ananiitikia." Kisha akaniuliza, "Kesho tunaondoka saa ngapi?"

Nilimpigia mnunuzi nikamwomba aje Jumapili. Akajibu kwamba ni Jumamosi saa nne au aachane nao, maana kuna seti nyingine ameonyeshwa Kericho. Jirani hafungui Jumamosi. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kumwonyesha mchezo.

Tuliondoka alfajiri. Kaburi lilikuwa limechimbwa mwisho wa shamba, karibu na michai. Kijana wa spika alimletea mke wangu maikrofoni, naye akaisukuma pembeni kwa mkono, taratibu. Akasogea hadi ukingoni. Simu yangu ilianza kutetemeka mfukoni na sikuitoa.

Alianza peke yake. Neno lilipofika alilisema kama alivyolisema siku zote. Hakuna aliyegeuza shingo. Kutoka nyuma ya hema, wanawake wazee waliochuma chai na marehemu waliitikia, na nao walisema "Pwana". Udongo wa kwanza uliingia wakiwa bado wanaimba. Simu ilitetemeka tena, ikanyamaza.

Mchezo ule niliuuza miezi kadhaa baadaye, vipande vipande, ngoma kwa mmoja na mashine kwa mwingine. Ukilinganisha na bei ya mtu wa Silibwet, nilipoteza shilingi elfu nne na mia tano.