Ng'ombe Aliyejua Njia ya Kwao

Mimi sijui kutulia, na mwaka ule ndio sikutulia kabisa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tuliishi mjini Kisii, katika nyumba za wafanyakazi wa serikali, kwa kuwa baba alikuwa karani. Nyuma ya jiko letu alifungwa ng'ombe mmoja mwekundu wa mahari yangu. Wenzake kaka yangu alikuwa ameshawatumia kuoa. Harusi yangu mimi ilibaki wiki mbili, kanisani Nyanchwa.

Basi akaja Bwana Afya, yule mkaguzi wa usafi, na tangazo lake: mjini marufuku kufuga ng'ombe, nguruwe, nyuki, wala mbwa mkali asiyefungwa. Akamtazama ng'ombe wetu, akaziba pua. "Jioni nisimkute hapa." Kuziba pua! Na chai ya maziwa ya ng'ombe huyohuyo alikuwa ametoka kuinywa mlangoni petu!

Baba akaamua kumpeleka kwa shangazi, Kiogoro. Nikamwambia, "Baba, njia ya Kiogoro inapita kwao." Kwao ni kwa mchumba wangu, alikotoka ng'ombe. Nasi Wagusii, ng'ombe wa mahari akirudishwa boma alilotoka, ndoa imekwisha.

Baba akacheka. "Napita tu, siingii."

Alipoondoka nikakosa pa kukaa. Nikaingia jikoni, nikatoka, nikaunguza ugali. Mwishowe nikatupa mwiko, nikawafuata mbio.

Nilichelewa. Ng'ombe alipoliona lango la kwao alikata kona, kamba ikamponyoka baba, huyo ndani! Baba akabaki barabarani, kofia mkononi. Kwa heshima ya ukwe asingeweza kuingia boma lile bila kuitwa, sembuse kukimbizana na ng'ombe mbele ya mama wa kijana. Na yule mama alikuwa ameshashika kichwa, analia: "Wameturudishia! Tumewakosea nini?"

Haki nilikasirika. Nilimkasirikia Bwana Afya, nikamkasirikia baba, na ng'ombe mwenyewe nikamkasirikia. Nikaingia bila hodi, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimenidondoka. "Mama, hakuna aliyerudisha kitu! Tumefukuziwa ng'ombe mjini, anapelekwa Kiogoro!"

Akafuta machozi, akanitazama toka juu hadi chini. "Mwanangu, mimi naona ng'ombe bomani mwangu. Majirani nao wanaona. Wewe na huyu ng'ombe hamkai hapa wote wawili. Mmoja atoke."

Nikavuta kamba. Wapi! Ng'ombe alikita miguu, akawa analamba nguzo za zizi alimozaliwa. Nikalia kwa hasira, watu wananitazama.

Ndipo mchumba wangu akatokea shambani, mikono imejaa udongo. Alikata fimbo ya mkaratusi, akamchapa ng'ombe ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu ndama, akamswaga hadi barabarani. Akamkabidhi baba kamba kwa mikono miwili, macho chini. Kisha akarudi, akafunga lango.

Alipogeuka akanikuta bado nimesimama ndani.

Baba aliniita mara moja tu. Sikuitika. Akavaa kofia yake, akashika njia ya Kiogoro na ng'ombe wake.