Mawakili wa Ziwani na Sufuria ya Odalie

Odalie Guidry alikulia kwenye vinamasi vya Louisiana, huko kusini, ambako mtoto hushika ndoano kabla hajajua kushika kijiko. Alipofiwa na mumewe, bintiye Renella akamwita huku kwetu Minnesota: "Njoo ujaribu kukaa nasi, mama." Odalie akaja. Lakini hakuwa mtu wa kumeza maneno, na wiki ile ile ya kufika aliyamwaga mezani, mbele ya mkwewe.

"Nikipata pa kuvua na watu wa kuvua nao, nakaa. Nisipopata, theluji ikiyeyuka tu narudi kwetu. Siwezi kuzeeka dirishani kama paka, jamani."

Renella alikuwa na mimba yake ya kwanza. Aliinuka akaenda jikoni, akafungulia bomba maji yamwagike kwa kelele, asisikike akilia.

Maziwa huku yapo tele, shida yake ni kwamba wakati wa baridi yote yameganda. Watu huburuta vibanda vyao mpaka katikati ya ziwa, wakatoboa tundu kwenye barafu, wakawasha jiko, wakajifungia humo na kahawa yao. Odalie alikwenda duka la chambo kukata leseni ya kuvua. Muuzaji akamwuliza, mkaazi au mgeni? "Mgeni!" akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani, akalipa bei ya wageni bila kunung'unika. Leseni akawa nayo. Wa kumfungulia mlango wa kibanda ndiye hakuwa naye.

Na hapo niseme ukweli kuhusu sisi watu wa huku. Tu wapole, tena upole wa kumchosha mtu. Gari lako likikwama kwenye theluji tutalisukuma wanne. Ukihamia tutakuletea keki. Kisha hutatuona tena. Na tuna neno letu moja, "njoo siku moja," ambalo maana yake ni kwaheri. Arvid Sletten, jirani yake Renella, mstaafu mwenye masharubu meupe, alimwambia Odalie neno hilo Jumapili, walipokuwa wakinywa kahawa kanisani.

"Kibanda changu ni kile cha kijani pale ziwani. Njoo siku moja uvue."

Mzee wa watu alikuwa amewaambia hivyo watu maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa adabu akaja.

Sasa kwao Odalie, mtu akikwambia njoo, ujue wali uko motoni. Jumatatu baada ya chakula cha mchana alivaa koti la mkwewe lililomfika magotini, akapakia sufuria kubwa, mchele, vitunguu, unga na pilipili kwenye sleji ya plastiki, kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza juu ya theluji, akaanza kukatiza ziwa kwa miguu. Barafu ikanguruma chini yake. "Ee Mama Maria," akasema, "mimi nimezoea maji yanayotikisika, haya yanayosema siyajui." Akaendelea kukokota.

Karibu na kibanda cha kijani aliona vipande vya kuni vimetupwa juu ya theluji. Akaokota kimoja ampelekee mwenyeji wake, maana si vizuri kwenda kupika kwa mtu bila kuni. Kumbe kile kipande kina macho! Alikuwa samaki, amekauka kwa baridi, kichwa kama cha kambale na mwili mrefu kama wa samaki mkunga. Na wenzake wamelala pale chungu nzima. Odalie akapandwa na hasira mpaka akasahau baridi. Akagonga mlango kwa samaki yule yule.

"Nani?" sauti ikauliza ndani.

"Mgeni wako!"

"Mgeni gani?"

"Mzee, si ulisema nije?"

Mlango ukafunguka. Arvid akamtazama rafiki yake Duane Pekkala, waliyekuwa wakivua pamoja. Duane akatazama ndani ya tundu la barafu kama vile msaada ungetokea humo.

"Eh... nilisema, mama," Arvid akakiri.

"Basi nimekuja. Sogea. Na hebu niambie, nani kafanya laana hii ya kutupa chakula?"

"Aa, huyo? Huyo ni wakili."

"Wakili?"

"Ndivyo tunavyomwita. Anateleza, sura mbaya, na ukimtoa majini anakuzunguka mkono hataki kukuachia. Haliwi huyo. Hapa sisi tunatafuta samaki wa maana."

"Nani kasema haliwi?"

"Kila mtu. Hata baba yangu alisema."

"Baba yako alimla?"

"Hakumla."

"Basi shahidi gani huyo? Leteni koleo, nimchune!"

Duane kahawa ikampalia, ikamtokea puani.

Odalie aliwayeyusha mawakili wake kando ya jiko, akawachuna ngozi kwa koleo kama wachunavyo kambale kwao. Nyama ikatoka nyeupe, safi kabisa. Akakaanga unga kwenye mafuta, polepole, mpaka ukawa rangi ya kahawia iliyoiva, akatia vitunguu, akatia pilipili, na mchuzi ulipoanza kuchemka akatumbukiza samaki. Harufu ikapenya nje. Mara hodi. Mara hodi nyingine. "Tulikuwa tunapita tu," wakasema wanaume wa vibanda vya jirani, katikati ya ziwa lisilo na njia ya kwenda popote.

Arvid akala sahani ya kwanza. Akala ya pili. Akafuta masharubu.

"Si mbaya," akasema.

"Si mbaya? Rudisha sahani yangu!"

"Mwache, mama," Duane akamwombea. "Hivyo kashasifu. Siku ya harusi yake alimwambia bibi harusi hivyo hivyo."

Kibanda kizima kikaangua kicheko, na Odalie naye akacheka hadi mbavu zikamuuma. Tangu amzike mumewe hakuwa amecheka namna ile. Duane akampa fimbo yake fupi ya kuvulia na ndoo moja ya kukalia. Jua lilipoinama, kamba ikavutwa. Odalie akavuta, akavuta, na wakili mzima mzima akachomoza tunduni, akajizungusha mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko. Odalie akapiga kigelegele cha furaha. "Usiniachie, baba! Hata mimi sikuachi!"

Kuanzia hapo ulimi wa kila mtu ukafunguka. Huyu anamwambia barafu ikiondoka atamwonyesha ghuba yake, yule anasema ya kwake ndiyo yenye samaki. Walipofika kwenye kuwinda bata wa Oktoba, nusura wakunjane.

"Bata atakwenda nami," Arvid akasema. "Duane hulala mtumbwini."

"Mimi nalala? Si wewe uliyempiga risasi bata wa mbao tuliyemweka kuwatega wenzake?"

"Alikuwa anafanana!"

Renella alikuwa amemtafuta mama yake kila mahali. Mumewe akamleta kwa pikapu juu ya barafu mpaka kibandani, na sasa alisimama mlangoni, mkono mmoja tumboni, pumzi juu juu. Hakuna aliyemwona. Mama yake alikuwa amewapa mgongo, anatikisa mwiko.

"Nisikilizeni. Oktoba mimi nakaa mbele ya mtumbwi, na sitaki bunduki ya kuazima. Na mkipata bata, mnaleta kwangu. Mjukuu wangu atakuwa anaota meno, lazima aonje mchuzi."

"Funga mlango, baridi!" mmoja akapiga kelele.

Renella hakufunga. "Oktoba, mama?"

Odalie akageuka. Akamtazama mwanawe, machozi yamemjaa, pua nyekundu kwa baridi.

"Oktoba, ndiyo. Bata hawaji kabla ya hapo, nifanyeje?"

Duane akainuka kumpisha. Renella akaketi juu ya ndoo na tumbo lake, akicheka, akilia, akafuta uso kwa skafu. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipeni na mimi sahani."