Karatasi ya Kuomba Radhi

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumamosi, simu yangu ililia nikiwa kwenye maegesho ya kiwanda cha Tonawanda ninakofanya kazi, karibu na Buffalo ninakoishi sasa. Alikuwa binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea Louisville tangu tulipofika nchi hii. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, akiishi peke yake Columbus, mtaa wa Linden, akifanya kazi ghalani.

"Baba mudogo," alisema, "benki ilifunga akaunti za bamama ba kanisa. Ni mimi."

Nilimwambia aeleze tangu mwanzo, nami nikaandika nyuma ya ratiba ya zamu. Kijana aliyekuwa akimpeleka kazini kwa gari lake alimwomba aweke hundi kwenye akaunti yake, atoe fedha, abaki na sehemu. Hundi zilikuwa zimeibwa kwenye masanduku ya barua kule Louisville. Akaunti ya binti ilipofungwa, kijana alitaka nyingine. Hakumtishia kwa silaha. Alimkumbusha tu kwamba jina lake lilikuwa tayari kwenye hundi tatu.

Binti huyu ndiye aliyekuwa akiwasomea barua wanawake wanne wa kanisa, wasiojua Kiingereza. Kadi zao na namba zao za siri alikuwa nazo kwa ridhaa yao. Alipitisha hundi za kijana kwenye akaunti zao. Zilipogunduliwa, benki ilichukua mishahara yao kufidia, kisha ikafunga akaunti.

Kesho yake niliendesha gari hadi Columbus. Shuleni niliishia darasa la sita. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi, na sheria kwa vitabu vya maktaba. Nilijua vya kutosha kuogopa mahakama, kwa sababu binti hakuwa raia bado na angeweza kufukuzwa nchini. Kwetu, kosa la namna hii humalizwa kabla halijafika serikalini. Jamaa huja pamoja, mkosaji hukiri mbele ya aliowakosea, malipo huahidiwa, watu hula. Mimi niliongeza jambo moja: maandishi. Niliandika kwa Kiingereza kila tarehe, kila kiasi, na tawi la benki fedha zilikotolewa. Jioni hiyo, mbele ya wanawake wote wanne, binti alitia saini nakala nne, kila mmoja akapewa yake.

Mkubwa wao aliikunja bila kuitazama.

"Kumbe ulipokuwa unatusomea barua, ulikuwa unasoma mpaka mifuko," alimwambia.

Wengine walicheka. Binti hakuinua uso. Mkubwa akanigeukia mimi.

"Bon, mutoto ni wetu. Tutamupeleka wapi? Donc, baba, utalipa polepole. Na weye, mutoto, simama, pakua ugali."

Tulikula. Nilirudi Buffalo nikiamini nimemwokoa.

Wiki mbili baadaye mmoja wa wale wanawake alikwenda benki kuomba akaunti yake ifunguliwe. Karani alimwuliza kilichotokea. Hakuwa na mtu wa kumsemea, maana msemaji wake alikuwa binti yule yule. Akatoa karatasi yangu mkobani. Alinisimulia haya akilia, nami sikuwa na la kumlaumu. Karatasi ilikuwa imeandikwa ili ieleze, na ilieleza.

Benki iliikabidhi kwa polisi, nao wakamkamata binti ghalani. Kijana wa gari hakuonekana tena. Mwanasheria aliyepewa na mahakama aliniuliza ni nani aliyeandika ile karatasi. Nikasema ni mimi. Alisema ni kazi safi. Bila hiyo, alisema, upande wa mashtaka ungekuwa na picha za kamera za benki tu, na maneno ya wanawake wasiotaka kumshtaki mtoto wao.

Alifungwa mwaka mmoja, kisha akakabidhiwa maafisa wa uhamiaji. Waliamua arudishwe nchi aliyoiacha akiwa na miaka minne. Mara ya mwisho tulizungumza kwa simu ya kizuizini.

"Banasema ndege itashuka Kinshasa," alisema. "Kule banasema Lingala, baba. Nitafikia kwa nani?"

Nilikuwa nimetafuta jamaa kwa miezi miwili. Ukoo wetu wote ulikuwa mashariki mwa nchi, mbali na Kinshasa, na waliobaki walikuwa wamekimbia tena.

"Bado natafuta," nilimjibu.

"Usijilaumu. Ulifanya namna yetu."

Simu ilikatika muda ulipokwisha. Ndege iliondoka Jumanne, na mpaka leo hajapiga. Fedha za wale wanawake nimezilipa zote: dola elfu sita mia tatu na arobaini.