Shule ya Tatu Kutoka Mwisho

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, shule yetu ilikuwa ya tatu kutoka mwisho mkoa mzima. Ya mwisho ilikuwa imeunguliwa na bweni wiki moja kabla ya mtihani. Iliyoifuata, wanafunzi wake walikuwa wamegoma tangu katikati ya mwaka. Sisi hatukuunguliwa wala hatukugoma. Tulikuwa tumesoma.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa kidato cha pili. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto Lumemo, kwenye jengo lililowahi kuwa ghala la pamba, na wote kwa pamoja tulitosha kwaya moja. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa Kipogoro tuliyemwita Madamu. Alifundisha historia, Kiswahili, muziki na mdahalo, kwa imani kwamba mtu ajue kwanza kusoma, kuimba na kubishana, mengine yatafuata. Fizikia ilikuwepo kwenye ratiba. Mwalimu wake hakuwepo.

Baba yangu, Mndamba, alilima mpunga Namawala na siku nyingine akauza spea za baiskeli sokoni Ifakara. Alichokiamini kuliko vitu vyote ni msimamo wa ligi ya mpira uliosomwa redioni. Gazeti lenye matokeo lilipofika alilisoma kwa kusimama. Alianza juu, akachoka, akaanza upya kutoka chini.

"Mmeshuka daraja," akaniambia.

Nikamweleza kwamba shule haishuki daraja.

"Ya kwenu ingeshuka."

Kesho yake alinipakia kwenye baiskeli tukaenda kumwona Madamu. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za mvua. Kisha baba akaweka gazeti mezani.

"Nimeliona," Madamu akasema.

"Samahani, mwalimu. Hapa mnafundisha nini?"

Nilitegemea atatutetea. Angeweza kusema kwamba watahiniwa walikuwa wachache, na kwamba wawili walifanya mtihani wakitetemeka kwa malaria. Hakusema.

"Njoo Ijumaa mchana, baba, usikilize mwenyewe," alisema. "Usiporidhika, uhamisho nitausaini siku hiyo hiyo."

Ijumaa ilikuwa siku ya mdahalo. Hoja ya wiki ile ilikuwa ng'ombe wanaoingia mashambani. Wasukuma walikuwa wamefika bondeni na mifugo yao, na Namawala kila mkutano wa kijiji, hata ulioitishwa kwa ajili ya kisima, uliishia kwenye ng'ombe. Baba mwenyewe alikuwa ameliwa mpunga karibu na mavuno. Kanuni ya Madamu ilikuwa moja: hakuna kusemea upande wako. Unakwenda kwa watu wa upande wa pili, unawasikiliza, halafu unakuja kusema maneno yao kwa namna ambayo wao wenyewe wangekubali. Darasani tulikuwa na Msukuma mmoja, kijana mrefu asiyependa kuongea. Huyo alipangiwa wakulima. Mimi nilipangiwa wafugaji.

Baba alikaa benchi la mbele. Kanuni hakuijua.

Yule kijana alianza. Alisema juu ya kuamka alfajiri ukakuta shamba limelala chini kama mkeka, na kurudi nyumbani huku unafikiria utamwambiaje mke wako. Baba alitikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, akamgeukia mzazi aliyekaa jirani.

"Huyu mtoto wa nani?"

Akaambiwa. Kichwa kikatulia.

Kisha nikaitwa mimi. Wiki ile nilikuwa nimekwenda na mwenzangu kwenye boma la wafugaji, na mama mmoja alitupa maziwa ya mgando akatueleza mambo yao bila haraka. Alituonyesha kwa mkono njia waliyopewa ya kupeleka ng'ombe mtoni. Niliufuata mkono wake nikaona inakoishia. Usiku ule sikula vizuri.

"Tulipofika tulipewa njia," nilisema. "Mwaka uliofuata njia ikapungua. Halafu ikawa mpunga. Tunaambiwa tupitishe ng'ombe pengine. Tunauliza pengine ni wapi, hatujibiwi. Na ng'ombe hawezi kukaa na kiu mpaka kikao kiishe."

Watu walicheka kidogo. Ningeweza kuketi hapo. Lakini Madamu alikuwa ametufundisha kwamba ukisemea mtu usimpunguzie.

"Njia yenyewe," nikasema, "inaishia kwenye shamba la baba yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Benchi zima likamtazama baba, na baba akatazama dirisha, ambalo halikuwa na kioo wala kitu cha kutazama.

Kurudi hakunipakia. Aliikokota baiskeli nami nikatembea upande wa pili wake. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema.

"Umenishtaki mbele za watu."

"Nilipangiwa, baba."

"Ulichosema ni kweli?"

"Ndivyo walivyosema wao. Na njia nimeiona."

"Umesema vizuri," akasema. "Hata mimi ningeshindwa kukujibu. Lakini kusema vizuri hakumo kwenye msimamo."

Madamu akasaini uhamisho kama alivyoahidi. Niliondoka na basi la Morogoro mwanzo wa muhula. Basi liliposimama Sanje nilinunua ndizi, nikazila zote kwa huzuni, nikaumwa tumbo hadi mwisho wa safari.

Shule mpya ilikuwa kubwa na jina lake lilikuwa juu kabisa gazetini. Ilikuwa na maabara, na mwalimu wa fizikia alikuwepo mwili na roho. Siwezi kuisema vibaya. Mara ya kwanza kuona majani kwa hadubini nilisahau kumwachia aliyekuwa nyuma yangu. Kwenye historia tulinakili ubao mpaka kengele. Siku moja niliuliza wale walioshindwa vita walikuwa wanasemaje. Mwalimu alifikiri kwa uaminifu kabisa, akajibu kwamba hilo halijawahi kutoka kwenye mtihani. Nikakaa. Sikuuliza tena mwaka ule, na nafasi yangu darasani ikapanda.

Likizo nilirudi Namawala nikakuta baba ameacha ukanda mpana upande mmoja wa shamba bila kulima. Nikamuuliza.

"Pale udongo mbaya," alisema.

Udongo wa pale haukuwa mbaya. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele, alinikonyeza nisiendelee. Katikati ya ukanda kulikuwa na alama nyingi za kwato, zote zikielekea mtoni, na mpunga wa pande zote mbili ulikuwa umesimama.

Mwaka uliofuata matokeo yalipotoka gazetini, shule ya Madamu ilikuwa imeruka karibu nusu ya mkoa. Baba alikwenda kumuuliza walichobadilisha. Madamu alimwambia hawakubadilisha kitu, ila safari hii hakuna aliyeugua wakati wa mtihani. Shule yangu ya Morogoro ilishuka nafasi kadhaa. Baba alikasirika kana kwamba ametapeliwa na pande zote mbili.

"Rudi basi," aliniambia.

Nilitamani. Lakini nilikuwa nimeonja maabara, nikasema nitamalizia kule. Hakubisha. Nilifaulu vizuri, na orodha ilipotoka, matokeo yangu yalihesabiwa Morogoro.

Wiki ile Madamu alipita sokoni kununua tairi la baiskeli. Nilikuwa nimekaa nyuma ya baba, napanga spoku.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia."

"Mtoto wako amefaulu," baba akamwambia, na mimi nikamtazama, maana alikuwa hajawahi kunigawa kwa mtu. "Ila gazeti limewapa wale."

"Si kitu, baba. Lingetupa sisi, tungepanda nafasi moja tu."

Baba alimchagulia tairi, akalirudisha, akamchagulia jingine lililo bora zaidi. Madamu alilining'iniza begani, akaaga, akaondoka upesi, maana siku ile ilikuwa Ijumaa, siku ya mdahalo.