Kaka Yangu Ngolo Yuko Ndani ya Santuri

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina kaka yangu alisombwa na mto Katuma nikiwa mtoto mdogo. Hakupatikana. Hana kaburi, hana picha.

Mwaka huu mzee mmoja kaniletea redio nimtengenezee, akakaa kwenye benchi langu, tukapiga stori mbili tatu, nikamgusia na kaka yangu aliyekuwa anachunga ng'ombe Kibaoni, mwisho akaniambia kaka yangu huyo yuko nyumbani kwake, kwenye santuri.

Nikamwangalia. Nikasema moyoni, huyu ama kachanganyikiwa ama anatafuta kutengenezewa redio bure.

Niiteni Lucia. Mimi ni fundi wa simu, redio na TV hapa Mpanda mjini, ni mwanamke, na mdomo ninao. Wateja wangu wananijua. Ukiniletea simu uliyoidumbukiza kwenye sufuria ya maharage halafu ukasema imezima tu yenyewe, nakupa ukweli wako hapo hapo.

Kwetu ni Wasukuma. Wazazi walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga, wakaweka boma upande wa Kibaoni. Baba yangu, mzee Ngusa, alishafariki. Amebaki Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, na nilimleta kwangu Kawajense kwa sababu ya macho.

Ni presha ya macho. Tulichelewa. Daktari hakutuzungusha, alisema jicho moja limeshakwenda, la pili limebaki na upenyo mdogo tu, na huo upenyo nao unaziba. Dawa ni za kuchelewesha.

Tulirudi na bajaji. Tukiwa tumekaribia nyumbani Mayu akaongea.

"Lucia, kabla hili halijafunga, natamani nimwone Ngolo. Mara moja tu."

Nikamwambia Mayu, Ngolo hana picha. Akasema anayo, watu wa mradi wa mifugo walimpiga picha akiwa machungani. Sikubishana naye. Nilijua ni uchungu unaongea, nikageuza uso nikalia upande wangu.

Sasa mnaelewa kwa nini yule mzee wa redio alinishtua.

Anaitwa mzee Maximilian, Mfipa, anakaa hapo hapo Kawajense mitaa ya nyuma. Ujana wake alikuwa msaidizi kwenye mradi wa mifugo wa wafadhili fulani. Walizunguka kwenye maboma yote ya upande wa Kibaoni, wakapiga picha kila ng'ombe peke yake, na kila kundi likimalizika wanampiga picha na mchungaji wake. Picha zikapelekwa Ulaya, zikarudi zimechapwa zote kwenye santuri moja, pana kama sinia la pilau, inang'aa huku na huku.

Ikaja na deki yake ya kuisomea, na kompyuta ya kuiamrisha hiyo deki. Mradi ulipoisha wakamwambia mzee atunze, watarudi.

Wakuu, watu hao hawajarudi mpaka leo. Na mzee ametunza.

Jioni ile ile nikafunga kibanda, nikamfuata kwake. Akafunua kitenge. Nikaona deki kubwa kama begi la safari, na kompyuta ya zamani hasa, ile ya maandishi ya kijani, yenye kutumia flopi, ile diski laini ya kuhifadhia kumbukumbu.

Nikashika kiuno. Miaka yote ya ufundi sijawahi kugusa hata kimoja kati ya hivyo.

Mtaniuliza, si uchukue deki uchomeke kwenye TV yaishe? Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Deki ile ina kibonyezo cha kuwashia na cha kufungulia droo, basi. Ukiiwasha peke yake inapitisha picha zote mfululizo, maelfu kwa maelfu, kwa kasi ambayo TV inaonyesha ukungu wa rangi tu. Kusimama kwenye picha moja inasimama kwa amri ya kompyuta. Na kompyuta inajua picha ipi ni ya nani kwa sababu ya flopi.

Kwa hiyo ilitakiwa deki ipone, kompyuta ipone, flopi ipone, na deki na kompyuta ziongee. Kimoja kikigoma, hakuna Ngolo.

Mzee akakubali nitengeneze, ila vitu visitoke nyumbani kwake. Alisema alikabidhiwa.

Nikaanza.

Mpira wa kuvutia droo ya deki ulikuwa umeyeyuka, umekuwa uji mweusi. Nikakata utepe mwembamba kwenye tyubu ya baiskeli, nikaufunga pale. Kompyuta ilikuwa na kapasita zimevimba, nikatoa za kwenye TV mbovu nikaweka. Nilipoiwasha mara ya kwanza ikatoa moshi. Mzee akatoka nje, hakutaka kuangalia.

Nikarudia. Nikaungua mkono. Nikarudia tena.

Ikawaka. Maandishi ya kijani yakaja, nikamwita mzee arudi ndani aone.

Flopi ilikuwa na ukungu kama mkate uliolala. Na ilikuwa moja tu, haina mwenzake. Niliifuta kwa pamba na spiriti huku nasali, nikijua nikikwaruza pale nimemzika kaka yangu mara ya pili. Ikasoma kwa kukwama kwama, inakoroma, lakini ikasoma.

Ikabaki kuunganisha. Waya wa kutoka kompyuta kwenda kwenye deki panya walishaula zamani, vimebaki vichwa viwili. Nikachukua waya mwingine, nikachomelea kwa risasi, pini kwa pini, upande huu na upande ule. Nikapeleka amri.

Kimya.

Nikapeleka tena. Kimya. Deki inazunguka tu haina habari na mtu.

Hapo ndipo niliposhindwa, wakuu. Siku zikapita. Kibanda nimefunga, wateja wanapiga simu wananitukana, nami nawajibu matusi yenye uzito kuliko yao. Nyumbani Mayu yuko kitandani amekaa, uso ameelekeza mlangoni, ananisubiri niingie. Haulizi. Anasikiliza hatua zangu, akisikia nimeweka begi chini taratibu anajua leo pia hakuna.

Kila jioni namuuliza, Mayu, unaona? Ananijibu, naona mwanangu.

Nashusha pumzi. Nasema afadhali, bado tuna muda. Kesho narudi kwenye waya.

Siku moja nikaibamiza ile kompyuta kofi. Nikamwambia mzee Maximilian vitu vyake ni takataka, avitupe, ametunza makopo miaka yote. Nilimwambia maneno mabaya mtu mzima yule, huku nalia. Alinipa maji, akaenda kukaa mlangoni kwake.

Nikainuka nikamfuata kumwomba msamaha. Nikamkuta anajaribu kumpigia binti yake, simu imegeuka juu chini, anaongea kwenye spika na sikio ameliweka kwenye maiki. Anasema haloo, haloo, hasikii kitu.

Nikasimama pale pale.

Nilikuwa nimefanya hivyo hivyo. Pini ya kusemea ya kompyuta nilikuwa nimeipeleka kwenye pini ya kusemea ya deki. Midomo miwili imeelekezana, sikio hakuna. Nilitakiwa nizipishanishe.

Nikazipishanisha. Nikapeleka amri ya kusimama.

Deki ikasimama. Kwenye TV niliyoibeba kutoka kibandani ikatulia picha ya ng'ombe mweupe, pembe ndefu, imetulia tuli, naye ananiangalia.

Nikakimbia nyumbani. Nilikimbia kabisa, mwanamke mzima na ndala mkononi.

Nikamleta Mayu kwa mzee Maximilian mchana ule ule. Alinishika mkono njia nzima, anakanyaga taratibu. Nikasema moyoni ni mawe ya njia ile. Nikamkalisha mbele ya TV kabisa, karibu magoti yaiguse.

Kompyuta inauliza jina la mwenye kundi. Nikaandika Ngusa.

Hakuna.

Nikaandika Ngolo. Hakuna. Nikaandika jina la babu. Hakuna. Picha ziko maelfu kwa maelfu, ukipitia moja moja utamaliza mwaka, na deki yenyewe ilishaanza kunuka joto.

Mayu akauliza nimeandika nini. Nikamwambia Ngusa.

"Huwezi kumpata hapo," akasema. "Baba yako alidanganya. Siku zile ukikutwa na ng'ombe wengi unaambiwa punguza, au rudi ulikotoka. Mradi walipouliza ng'ombe za nani, akasema yeye anachunga tu, ni za Mbaruku."

Mbaruku alikuwa mwenye duka hapa mjini, alikuwa anawauzia chumvi na vitenge. Hata mbuzi hakuwa naye. Na mzee Maximilian akashika kichwa, anasema karibu nusu ya maboma walimtaja huyo huyo, mradi mpaka unaondoka uliamini Mbaruku ndiye tajiri wa mkoa.

Nikaandika Mbaruku. Yakaja makundi mengi ya jina hilo, nikachagua lenye idadi ya ng'ombe aliyonitajia Mayu.

Flopi ikakoroma. Deki ikanguruma, ikapunguza kasi, ikatulia.

"Imetokea," akasema mzee Maximilian.

Na kabla sijafungua mdomo, Mayu akainuka kwenye kiti. Akaishika TV kwa mikono miwili, akaweka shavu kwenye kioo. Akaanza kulia kwa sauti.

"Ndiye huyu. Ngolo wangu. Mwangalie alivyo, mwangalie mwanangu."

Wakuu, kwenye TV alikuwa ng'ombe.

Ng'ombe mwekundu, ubavu umejaza kioo chote. Hakuna mtu hata kivuli chake.

Mzee Maximilian akanitazama. Akaweka kidole mdomoni, kwamba ninyamaze, nimwache afurahi. Na nilitaka kunyamaza, Mungu ananiona. Lakini nilishindwa.

"Mayu, huyo ni ng'ombe."

Akaacha kulia. Akabaki ameshika TV.

"Limefunga lini, Mayu?"

Akakaa chini taratibu, anatafuta kiti kwa mkono. Akasema limefunga siku ile nilipokuja nyumbani na mkono umeungua. Aliuona mkono wangu kwa ukungu ukungu, asubuhi yake hakuona tena kitu.

Mimi hapo nikalipuka. Nikamwambia basi nilikuwa nahangaika na nini? Nimefunga kazi, nimetukana watu, kumbe hakuna cha kuona wala wa kuona? Kwa nini hakuniambia?

"Ningekwambia ungeacha," akasema. "Mimi sura ya Ngolo ninayo, siipotezi. Wewe ulikuwa unabebwa mgongoni, humjui. Nikifa mimi, hakuna tena mtu duniani anayemjua mwanangu kwa sura. Nilitaka umwone wewe."

Nilikaa pale nimeshika kibodi na machozi yanadondoka juu yake.

Yeye ndiye aliyenirudisha kazini.

Akauliza ng'ombe huyo yukoje. Nikamwambia mwekundu, ana baka jeupe chini ya shingo, pembe moja imeinama. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema huyo alitoka kwenye mahari ya shangazi, ni wetu, basi tuko ndani ya boma letu hapo. Twende mbele.

Nikabonyeza. Dume jeusi. Akalitaja lilikotoka. Nikabonyeza, ng'ombe wa madoa na ndama wake. Akasema ndama huyo aliliwa na fisi. Hivyo hivyo, mimi nasema rangi, yeye anasema habari zake, mzee Maximilian anapepea deki kwa kofia isiungue.

Halafu nikabonyeza, na nikaacha kusema.

"Ni nani?" akauliza Mayu.

Kijana. Kaptula ya kaki, fimbo ameiweka mabegani mikono ameining'iniza juu yake. Amekunja macho kwa sababu ya jua.

Safari hii Mayu hakusema ndiye. Aliniuliza.

"Sikio la kushoto?"

Nikasogea karibu. "Limekatika kwa juu."

"Mbwa wa jirani," akasema. "Na meno?"

"Anacheka. Yana nafasi katikati."

Akatafuta mkono wangu akaushika.

"Sasa umemwona," akasema.

Nimemwona. Nina kaka mrefu, mwembamba, anayecheka na jua. Sikuwahi kumjua, na nililia kama msiba umetokea siku ile. Nikaipiga TV picha kwa simu, nikaenda kuisafisha, leo iko ukutani. Mayu akipita anaigusa fremu, anauliza kama iko sawa sawa. Namwambia iko sawa.

Deki iliungua wiki hiyo hiyo, nayo sina lawama.

Ninachowaambia nyie mlio na wazazi nyumbani ni kimoja. Mimi nilimuuliza mama yangu kila jioni kama anaona, akanijibu anaona, nikaridhika nikaenda zangu kulala. Usimuulize mama kama anaona. Muulize anaona nini, kisha kaa hapo akwambie.